Msimu wa vuli nikiwa nyuma ya okestra

Nilinunua tiketi ya msimu kwa tamaa ya rahisi, wala si kwa mapenzi ya muziki. Ukumbi ulitangaza maonyesho sita ya muziki wa klasiki, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba, na aliyelipia yote sita kwa mpigo alikuwa kama amepewa mawili bure. Nikapiga hesabu, nikalipa. Siku mbili baadaye ndipo nilipokaa kusoma nilichokinunua, nikakuta kati ya hayo sita ni mawili tu ambayo ningeyafuata kwa hiari yangu.

Kiti nilichokimudu kilikuwa nyuma ya okestra. Kwa asiyejua, kumbi nyingi kubwa zina safu chache za viti nyuma ya jukwaa. Siku ya kwaya hukaliwa na kwaya; siku nyingine huuzwa kwa bei ya chini. Ukikaa huko wanamuziki unawaona migongo, kondakta, yaani anayeiongoza okestra, unamwona uso. Rafiki yangu alicheka mpaka akakohoa: "Yaani umelipa kwenda kuangalia visogo vya watu!" Na kweli, nimeangalia visogo kwa miezi mitatu.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa Simfonia ya Kwanza ya mtunzi Mjerumani Brahms (simfonia ni utunzi mrefu wa okestra, kwa kawaida wa sehemu nne). Kijitabu cha onyesho kilieleza vizuri kwamba Brahms alihangaika na kazi hiyo kwa miaka ipatayo 20, jina la Beethoven, bingwa wa simfonia aliyemtangulia, likimkaba koo, na ilipopigwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1876 alikuwa na miaka 43. Ambacho hakikueleza ni habari ya wapiga tromboni (tarumbeta kubwa za mrija wa kuvutwa) watatu waliokuwa wameketi hatua chache mbele yangu. Sehemu ya kwanza ikapigwa, hawakugusa ala zao. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, mmoja akafuta miwani, mwingine akawa anahesabu kwa vidole juu ya goti. Simfonia yote ni kama dakika 45, na wale mabwana walikuwa wamekaa kimya karibu nusu saa, wamevaa suti, tromboni zimelala mapajani. Nikaanza kuwaonea huruma. Nikajiuliza kama wanalipwa sawa na wenzao.

Kisha ikaja sehemu ya nne. Baada ya utangulizi mzito na mngurumo wa timpani, zile ngoma kubwa za shaba, pembe ya shaba ya kupuliza ikapaza wimbo mmoja mpana, kama mtu anayeita kutoka mlima wa ng'ambo. Hapo niliona mabega matatu yakipanda kwa pamoja, yakivuta pumzi. Nilijiandaa kwa kishindo. Hakikuja kishindo chochote: walipiga taratibu mno, sauti ya chini, kama watu watatu wanaosali. Brahms aliwanyamazisha nusu saa nzima ili sauti yao ya kwanza iwe ile. Nimesikiliza simfonia hiyo kwa vipokea sauti vya masikioni mara nyingi na sikuwahi kulijua hilo, kwa sababu masikio hayamwoni mtu asiyepiga.

Tangu usiku huo, kila nikiketi, kwanza natafuta nani anasubiri.

Sasa kuhusu sauti, maana ndiyo kila mtu anauliza. Nyuma ya okestra uwiano unapinduka. Violini, ambazo kwa mtu wa mbele ndizo zinazobeba wimbo, kwako ziko mbali. Tromboni, tarumbeta na timpani ziko puani. Mara mbili au tatu timpani zilinirusha kitini. Lakini unasikia vitu vya ndani: basuni inavyozungumza na viola, besi kubwa zinavyokwaruza kabla ya noti kukaa sawa. Na unamwona kondakta akifanya kazi yake. Watu wa mbele wanaona mabega na kifimbo. Mimi nilimwona akimtupia mpiga oboe jicho kabla ya zamu yake kufika, kama mama anayemkumbusha mtoto kwa kumtazama tu mbele ya wageni. (Oboe ndiyo inayotoa sauti ya kulinganishia ala zote kabla ya kuanza, mitikisiko 440 kwa sekunde au zaidi kidogo. Ni jamaa ya zumari yetu, kwa kuwa zote zina mwanzi wa midomo miwili. Ukiijua zumari utaitambua oboe hata ukiwa umefumba macho.)

Onyesho la pili ndilo lililonikera. Zilikuwa Nyimbo Nne za Mwisho za Richard Strauss, alizozitunga mwaka 1948 akiwa na miaka 84. Alifariki mwaka uliofuata, na zilipoimbwa mara ya kwanza London mwaka 1950 hakuwepo. Mojawapo inaitwa "Septemba": bustani inaomboleza, majani yanadondoka moja moja. Kwa msimu wa vuli, ungechagua nini kingine? Ila mwimbaji, kama inavyostahili, aliwaelekea watu wa mbele. Sauti ya binadamu si kama ngoma. Inakwenda unakoelekea mdomo. Mimi nilipata mgongo wa gauni zuri la buluu na mabaki ya sauti yanayorudi kutoka ukuta wa mbali, tena okestra ikiwa imeyafunika. Neno hata moja sikulishika. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya mtu aliyepewa barua akaonyeshwa bahasha tu.

Nilikwenda dirisha la tiketi kulalamika. Dada aliyekuwepo alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba wenye tiketi ya msimu wana haki ya kubadilishiwa kiti mara moja, mradi waombe siku saba kabla. Hilo halikuwa limeandikwa popote nilipopaona. Baadaye nililikuta, maandishi madogo kama ya kwenye kopo la dawa, mgongoni mwa tiketi yenyewe. Naliandika hapa kwa herufi za kawaida ili likufae: kama unakaa nyuma na kuna mwimbaji, badilisha kiti. Piano nayo ina kasoro yake, kwa kuwa kifuniko chake hufunguliwa kuelekea watu wa mbele. Ila kwa piano angalau unaona mikono.

Tiketi ya msimu ilikuja na mwaliko wa mazoezi ya asubuhi, jambo ambalo nilidhani ni la kujazia tangazo. Nilikosea. Kwanza, niliona kondakta akisimamisha okestra mara tisa kwa ajili ya kipande kisichofika dakika moja, na mara ya kumi kikawa kitu kingine kabisa. Pili, ukumbi ukiwa mtupu uliita. Noti ilikatwa, lakini ikabaki hewani, ikatembea, ikazimika kwa uvivu. Usiku wake, watu wamejaa na makoti yao ya baridi, noti ile ile ilizimika upesi na kwa usafi. Kumbe sisi watazamaji ni sehemu ya ala. Aliyelipima jambo hili kisayansi ni Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard, mwishoni mwa karne ya 19. Alipewa kazi ya kutibu chumba cha mihadhara ambacho neno lililosemwa lilidumu zaidi ya sekunde tano, akawa anahamisha mito ya viti, inayomeza sauti kama makoti yetu, kutoka ukumbi wa jirani usiku, akiongeza michache, akipima, akiongeza tena. Kutokana na hesabu zake ndipo ukapangwa ukumbi wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900, ambao hadi leo unasifiwa. Ukumbi mzuri wa okestra hushikilia sauti kwa takriban sekunde mbili. Wetu, kwa sikio langu lisilo na kipimo, ulikaribia hapo, isipokuwa chini ya roshani ya kwanza. Nilijaribu kukaa huko wakati wa mazoezi na muziki ulikuwa kama unatoka chumba cha pili. Viti hivyo vya chini ya roshani vinauzwa ghali kuliko changu. Usivinunue.

Onyesho la nne lilikuwa Simfonia ya Sita ya Tchaikovsky, na hapo nilipata aibu yangu. Sehemu ya tatu ni maandamano yanayopanda na kupanda, matoazi yanalia, tarumbeta zinapasua, inaisha kwa kishindo ambacho mwili wenyewe unakuambia: basi, imekwisha. Nilipiga makofi. Sikuwa peke yangu, tulikuwa labda watu mia mbili, lakini mimi nilikuwa mbele ya uso wa kondakta, akaniona, akatabasamu kidogo bila kushusha mikono. Ilikuwa bado. Sehemu ya nne ni maombolezo matupu, inashuka mpaka kwenye selo na besi, ala za nyuzi zenye sauti nzito kuliko zote, na kuzimia humo. Tchaikovsky aliiongoza mwenyewe Oktoba 1893 huko Saint Petersburg, na siku tisa baadaye alikuwa amefariki. Nimesoma tangu hapo kwamba makofi baada ya sehemu ya tatu ni ajali ya kawaida dunia nzima, na kwa maoni yangu kosa si la watazamaji. Mtunzi ametega mtego, mtu akinaswa asichekwe. Waliotuzomea kwa "shh!" ndio walioharibu, maana "shh" yao ilidumu kuliko makofi yetu.

Na katika sehemu hiyo ya mwisho nilimwona anayesubiri. Mpigaji aliyekuwa na matoazi katika ile sehemu ya tatu aliinuka bila kelele, akasogea hadi kwenye upatu mkubwa, akasimama. Akasimama kwa dakika kadhaa. Kisha akaugusa mara moja, kwa ulaini, ukavuma kama kitu kinachozama majini, akauacha ukazimika. Mara moja tu katika simfonia nzima. Nilimwangalia akikaa chini tena, kwa uangalifu, kiti kisilie.

La tano nilitaka kuliacha. Halikuwa la okestra bali watu watano tu, katika ukumbi mdogo wa pembeni, siku ya mvua, na mimi nina mafua. Nilikwenda kwa sababu nilishalipa. Hapo ndipo ninapouona uzuri wa tiketi ya msimu kuliko punguzo lote la bei. Walipiga Kwinteti ya Schubert ya nyuzi, yenye selo mbili, aliyoikamilisha katika vuli ya mwaka 1828. Tarehe 19 Novemba ya mwaka huo huo alikufa, ana miaka 31, na haikupigwa hadharani hadi 1850. Katika sehemu ya pili, watatu wa katikati wanashikilia noti ndefu ambazo karibu hazisogei. Violini ya kwanza inadondosha vineno vifupi, selo ya pili inajibu kwa kudonoa nyuzi kwa kidole. Ni hayo tu, dakika baada ya dakika. Sitaweza kueleza zaidi. Nilikuwa na kipande cha pipi ya kikohozi kwenye karatasi inayochakarika, na sikuthubutu kuifungua; nilimeza kikohozi mpaka machozi yakanitoka, na aliyekaa jirani akanipa leso akidhani ni Schubert. Sikumsahihisha.

Mengine kwa haraka. Mapumziko ni dakika 20 na foleni ya choo cha wanawake inakula 18. Mke wangu alikosa mwanzo wa nusu ya pili siku aliyonisindikiza, na milango haifunguliwi mpaka kipande kiishe. Kijitabu kinasomeka vizuri, lakini taa zinazimwa mno kiasi kwamba unakisoma nyumbani. Hotuba fupi ya nusu saa kabla ya onyesho ni nzuri, nenda. Simu zililia mara tatu katika maonyesho sita, moja ikiwa ya mtu aliyekuwa ametoka kumkaripia mwenzake kwa kukohoa.

Walimalizia msimu na Haydn, Simfonia namba 45, ya "Kuaga". Mwaka 1772 Mwanamfalme Esterházy, mwajiri wa Haydn, aliwaweka wanamuziki wake kwenye kasri la kiangazi mpaka vuli ikaingia, wake na watoto wao wakiwa mji mwingine. Haydn hakuandika barua ya malalamiko. Alitunga mwisho ambao wapigaji wanamaliza zamu zao, wanazima mishumaa, wanaondoka mmoja mmoja. Husimuliwa kwamba bwana aliuelewa ujumbe na kesho yake safari ikapangwa. Kwetu walizima vitaa vya kusomea noti. Mlango wa kutokea jukwaani uko upande wetu wa nyuma, kwa hiyo walipita chini ya miguu yetu: oboe na pembe, basuni, besi, selo, kila mmoja akiwa amekumbatia ala yake. Mpiga besi aliponikaribia alikuwa ameanza kulegeza tai. Kondakta naye akaondoka. Zikabaki violini mbili zenye kibana sauti na vitaa viwili, kule mbele ya jukwaa, mbali na mimi.

Nimeshalipia msimu unaofuata, kiti kile kile. Kuna usiku mmoja wa mwimbaji. Fomu ya kubadilisha nimeipeleka dirishani wiki hii.