Maiki ya waya ya kubana kwenye kola: kwa anayerekodi wakulima, nunua hii kabla ya kamera

Wakuu, naona watu wengi wanauliza vifaa vya kurekodia wakulima shambani na majibu yanayotolewa ni kamera, stendi, taa, wakati kitu kinachomuangusha mkulima kwenye video ni sauti. Picha ikiwa na ukungu kidogo mtu atavumilia, ila akisikia upepo na pikipiki tu anapita zake, na redio ndo kabisa hawawezi kurusha kitu cha hivyo. Kwa hiyo naongelea hii maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, zile za waya mrefu wa mita 6, Kariakoo zipo kibao, bei inacheza kati ya elfu 30 na 45 kutegemea na duka na mtakavyoelewana.

Mimi niko Mgeta huku juu Mvomero, mkoani Morogoro, nasaidia kikundi chetu cha wakulima wa viazi mviringo na kabichi kurekodi wanachotaka kusema wenyewe, tunatuma kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye vipindi vya redio vinavyopokea sauti za wasikilizaji. Huku ni milimani upepo hauishi, na ukisema ukamrekodie mtu sokoni Nyandira ndo kelele za mafuso na wapakiaji zote unazichukua. Simu peke yake haifui dafu.

Kwenye boksi unakuta maiki na klipu yake, kisponji cha kuzuia upepo, betri ya duara kama ya saa na adapta ya jeki kubwa. Katikati ya waya kuna kiboksi chenye swichi, ukitumia simu unaiacha upande wa simu na hapo haili betri, betri inahitajika ukichomeka kwenye kamera. Jeki yake ina mistari mitatu, inaingia kwenye tundu la earphone la simu za kawaida. Kama simu yako haina tundu hilo unahitaji adapta ya Type-C, na ujaribu palepale dukani kwa kurekodi na kusikiliza, maana kuna adapta zinatoa sauti tu haziingizi.

Sasa matumizi. Kuna mama mmoja kwenye kikundi, mkulima wa viazi wa miaka mingi, kwenye vikao anaongea vizuri kuliko mwenyekiti ila ukimsogezea simu mdomoni anaanza kuongea kama anasoma risala. Tulimbania maiki kwenye kola ya blauzi, shubiri moja chini ya kidevu (usibanie kwenye khanga, kitambaa kinasugua na msuguano wote unaingia), simu tukaiweka mbali kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaendelea kushona gunia lake huku anaelezea. Waya mita 6 unatosha kabisa mtu kuinama, kuinuka, kuonyesha kitu. Akaonyesha gunia linavyojazwa mpaka mdomoni halafu linaongezewa kichwa kwa juu na kushonewa kamba, yani lumbesa, akasema kuhusu mnunuzi, "hili analipia gunia moja, hicho kichwa nimemlimia bure." Hiyo sentensi nimeisikia kwa earphone na hata mlio wa kamba ikipita kwenye gunia unausikia, upepo upo kwa mbali tu. Hakuna afisa wala mtaalamu angeisema vile.

Na ndo maana nasisitiza hiki kifaa. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo, Wakala wa Vipimo kila mwaka wanakumbusha kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini ukifuatilia mijadala ya lumbesa wanaoongea ni viongozi na wanunuzi, mkulima anaonyeshwa kwenye picha amebeba jembe bila sauti yake. MVIWATA, ule mtandao wa vikundi vya wakulima Tanzania, tangu 1993 wana kauli yao kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, na mimi naiamini kwa moyo wote, ila mtetezi asiyesikika anatetea vipi? Wakulima hawahitaji kufundishwa kuongea, wanaongea kila siku vizuri tu, wanahitaji wasikike bila kukatwakatwa.

Jambo la kuzingatia ambalo halimo kwenye boksi: hii maiki inakamata hata mnong'ono. Mtu akishazoea anasahau kama imembana, anaweza kumtaja mnunuzi wake kwa jina au kusema deni la mbolea la jirani, na huyo mnunuzi ndo atakuja tena msimu ujao. Msikilizishe mwenyewe rekodi nzima kabla haijaenda popote, akisema toa hapa unatoa, bila mjadala. Pia ukifikiria kufungua online TV rasmi ya habari za wakulima, ulizia TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) kwanza masuala ya leseni.

Udhaifu upo. Klipu ni nyepesi, kwenye koti zito inachomoka. Kisponji kinapotea kirahisi na bila hicho upepo wa hapa unaharibu kila kitu, nunua vya akiba. Inakamata sauti pande zote kwa hiyo jogoo akiwika nyuma utampata, chagua sehemu. Na waya ukiukunja kwa kuuzungushia kwenye simu unakatikia pale shingoni kwenye jeki, ukunje kwa duara kubwa na ufunge na kamba laini.

Zile zisizo na waya zipo na ni nzuri kwa anayetembea shambani huku anaongea, ila zinataka chaji, na kijijini umeme ukikatika asubuhi ya siku ya gulio umekwama, wakati hii ya waya unachomeka tu unaanza. Kwa kikundi chenye maiki moja na watu ishirini wa kuongea nachagua ya waya, naipa nyota 4 kati ya 5. Kama kuna mtu Njombe au Lushoto kashaitumia kwenye mvua aniambie imehimilije, huku masika yanakaribia na watu bado wana mengi ya kusema.