Foldscope kando ya Ziwa Victoria: hadubini ya karatasi mbele ya darasa la watoto 80

Hadubini ya maabara hufungiwa kabatini kwa hofu: ikidondoka mara moja, lenzi imekwenda. Foldscope ni ya karatasi ngumu. Unaikunja mwenyewe kwa kufuata rangi na alama zilizochapwa juu yake, unaipachika lenzi ya kioo iliyo ndogo kuliko punje ya mtama, na tayari una kifaa cha kukuza mara 140. Waliobuni ni Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na mwaka 2014 walieleza kwamba vipuri vyake havifiki dola 1. Usafiri mpaka Mwanza ndio unaopandisha bei, kwa hiyo ni bora shule tatu nne ziagize kwa pamoja.

Ila ukiitumia kwa kuzungusha, mtoto mmoja achungulie kisha ampe mwenzake, itakuangusha. Watoto 80 kwa dakika moja moja ni vipindi viwili vizima. Kibaya zaidi, mwalimu hajui mtoto ameona nini. Wengi huona povu la hewa, duara lenye ukingo mnene mweusi, wakalichora daftarini kuwa ni seli.

Dawa yake ni simu ya mwalimu. Foldscope ina vipete vya sumaku: kimoja kinakaa kwenye hadubini, kingine kinabandikwa juu ya kamera ya simu, na viwili hivyo hunasana. Simu yenye kamera tatu inahitaji uangalifu, kwa sababu simu nyingine huhama zenyewe kwenda kamera ya pili ukikuza picha, na kioo cha simu kinakuwa cheusi. Bandika kwenye kamera kuu na usikuze kupita mara 2.

Kupeleka picha ukutani hakuhitaji bando. Weka scrcpy, programu ya bure inayoonesha kioo cha simu kwenye kompyuta, katika kompyuta mpakato iliyounganishwa na projekta. Kwenye simu ya Android ingia Mipangilio, gonga nambari ya muundo (build number) mara 7 ili kufungua chaguo za wasanidi programu, ruhusu utatuzi wa USB (USB debugging), kisha chomeka waya. Waya uwe wa kupitisha data. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa huchaji tu, na hapo ndipo watu hukwama wakidhani programu ni mbovu. Kama hakuna projekta, rekodi video ya nusu dakika uioneshe kwenye kompyuta kwa makundi.

Sasa darasa zima linatazama kitu kimoja, na mwalimu anaweza kuweka kidole ukutani: hili povu, hii seli. Kwetu sisi, hapo ndipo Foldscope inapostahili pesa yake.

Anza na kitunguu maji chekundu. Chubua utando wa zambarau ulio upande wa nje wa tabaka nene. Rangi inayo tayari, ayodini haihitajiki. Mwanga uwe wa dirishani au tochi iliyofunikwa karatasi nyembamba. Hadubini isielekezwe kwenye jua hata kidogo, kwani lenzi huukusanya mwanga wote jichoni.

Kisha maji ya Ziwa, na hapa tunakuwa wakali. Lava wa kichocho, yaani mnyoo wake akiwa bado mchanga, hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote. Mtoto asiingie majini. Mwalimu avae glavu, afunge chupa ya nusu lita kwa kamba na kuitupa kutoka juu ya mwamba au gatini. Maji yachujwe kwa kitambaa chepesi, yakae saa 48 kifuniko kikiwa kimelegezwa. Lava hufa ndani ya muda huo, ilhali vijidudu vingi vingine huendelea kuishi. Konokono asibaki chupani hata mmoja, hata yule mdogo aliyejificha kwenye mzizi wa gugu maji: ataendelea kumwaga lava wapya na saa 48 zote zitakuwa bure.

Maji yakiwa ya kijani utaona aina mbili za bakteria wa kijani: Anabaena kama shanga zilizotungwa uzini, na Microcystis kama lundo la vitone. Vijidudu vinavyokimbia ndivyo vinavyowafurahisha watoto zaidi, na ndivyo vinavyotoroka kwenye picha. Vuta nyuzi mbili tatu za pamba, ambayo Usukumani haikosi, uzitandaze ndani ya tone. Vitanasa katikati ya nyuzi. Tone liwe dogo kuliko punje ya mchele. Likizidi, maji hupanda mpaka kwenye lenzi na picha inakuwa ukungu. Futa kwa pamba kavu.

Usiwaahidi watoto bakteria wa kipindupindu. Ni wadogo mno kwa lenzi hii. Yai la kichocho cha tumbo, lenye urefu wa karibu sehemu moja ya saba ya milimita, linaweza kuonekana, na mwalimu atashawishika kupima choo cha wanafunzi. Asifanye. Mayai yakiwa machache hayaonekani kwenye tone moja, na mtoto mgonjwa ataambiwa mzima. Kazi hiyo ni ya zahanati.

Kwa darasa la 80 agiza 9: moja ya mwalimu yenye sumaku, na nane kwa makundi ya watoto kumi kumi, yanayotafuta mkononi kilekile yalichokiona ukutani.