Min-U-Sil 5: unga safi wa kwatzi, lakini ni kiporo

Anayetaka kuonyesha jinsi vumbi la mawe linavyoharibu mapafu ya panya hana budi kuanza na unga anaouamini. Kwa kazi hiyo, Min-U-Sil 5 ya kampuni ya U.S. Silica imezoeleka kwenye maabara nyingi. Ni unga mweupe mfano wa sembe, unaosagwa kutoka mawe-mchanga ya Berkeley Springs, West Virginia, Marekani. Ni bidhaa ya kiwandani, hutiwa kwenye rangi na plastiki; watu wa maabara wameuazima tu.

Kinachoupa thamani ni usafi na ukubwa wa chembe. Silika ni zaidi ya asilimia 99, nayo ni fuwele za kwatzi, yaani madini magumu yanayojenga mchanga mwingi. Ile "5" ni maikromita 5: takriban asilimia 97 ya unga iko chini ya kipimo hicho, na zaidi ya nusu iko chini ya maikromita 2. Hili lina uzito wake, maana panya hupumua kwa pua pekee, na chembe kubwa hunasa huko juu zisifike kamwe kwenye vifuko vya hewa.

Chembe zikifika, makrofeji, yaani seli za ulinzi zinazomeza uchafu, huzimeza na kuzirushia vioksidishaji, kemikali kali zinazounguza, kama inavyofanya kwa bakteria. Bakteria hufa, kwatzi haimeng'enywi. Vikundi vya silanoli (silikoni iliyobeba oksijeni na haidrojeni) vilivyo juu ya fuwele hupasua utando wa lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea ndani ya seli, vimeng'enya humwagika ndani ya seli, inflamasomu ya NLRP3 (kengele ya hatari ya seli) huamka, na IL-1β, protini ya kuita msaada, huita nyutrofili, chembe nyeupe za damu, ambazo nazo huja na vioksidishaji vyake. Makrofeji ikifa huiachia fuwele ikiwa nzima, ikamezwa na nyingine. Ndiyo sababu dozi moja tu huendelea kuunguza kwa miezi, wakati dioksidi ya titani kwa dozi ileile ndogo hutulia. Min-U-Sil huonyesha mwenendo huu wote kwa uhakika, na hapo haina deni.

Kasoro yake ni kwamba ni kiporo. Kwatzi inapovunjika, nyuso mpya hubaki na radikali za silika (sehemu zenye elektroni isiyo na mwenzi, zenye hamu ya kuunguza) ambazo zikigusa maji huzaa radikali za haidroksili. Radikali hizo hufifia hewani. Nusu yake hupotea kwa takriban saa 30. Mwaka 1995 mtafiti Val Vallyathan na wenzake waliwavutisha panya vumbi lililosagwa papo hapo na jingine lililokaa, wakakuta lile jipya linaleta uvimbe na vioksidishaji vingi zaidi. Unga wa kopo umekaa miezi, pengine miaka. Basi anayetafiti wachimbaji wadogo wa tanzanaiti wa Mirerani, Tanzania, wanaotoboa mwamba bila maji na kuvuta vumbi dakika ileile linapozaliwa, asidhani kopo hili linawawakilisha. Litampa kiwango cha chini cha madhara. Dawa ni kuusaga upya kwa kinu cha mipira na kuutumia siku hiyohiyo, huku sehemu ya unga uleule ambao haukusagwa ikiwa kundi la kulinganisha. Baada ya kusaga, ukubwa wa chembe upimwe tena, la sivyo mtu atadhani ni upya kumbe ni udogo.

Maandalizi ndiyo yanayowaangusha wengi. Unga hauji ukiwa umesafishwa endotoksini (sumu ya kuta za bakteria), na endotoksini peke yake hujaza nyutrofili kwenye mapafu. Otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, haiiondoi. Choma unga kwenye oveni kavu kwa nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa 2 au zaidi, ndani ya chombo cha kioo. Usipandishe hadi nyuzi 800: silanoli huondoka na ukali wa unga hupungua. Maelekezo mengi ya zamani huagiza pia kuuchemsha kwenye asidi ya haidrokloriki ya 1 M (moli 1 kwa lita). Hiyo hung'oa chuma kilicho juu ya chembe, na chuma ni chanzo kimojawapo cha radikali. Kama unachopima ni mkazo wa oksidishaji, yaani madhara ya vioksidishaji kuzidi ulinzi wa mwili, uiache hatua hiyo, isipokuwa swali lako ni lile la chuma chenyewe.

Kwa panya wakubwa (rats) wa aina ya Wistar au Sprague-Dawley, miligramu 50 kwenye mililita 10 za maji ya chumvi ya 0.9% zinatosha: mililita 0.4 kupitia trakea, chini ya nusu kaputi, hubeba miligramu 2. Panya wadogo (mice) wasizidishiwe maikrolita 50. Tumia mashine ya mawimbi-sauti kwa dakika 10, chupa ikiwa kwenye barafu, kisha tikisa tena kabla ya kila mnyama. Chembe moja ya maikromita 2 huchukua zaidi ya nusu saa kushuka sentimita 1 majini, lakini donge la maikromita 10 hushuka kwa dakika 2 hivi. Asiyetikisa humpa panya wa kwanza dozi na wa kumi maji.

Kwenye vipimo, adui ni damu. MDA, mabaki ya mafuta yaliyounguzwa na vioksidishaji, husomwa kwa nanomita 532 za mwanga, na himoglobini hunyonya mwanga karibu na hapo; pafu lisiposafishwa kwa kupitisha maji ya chumvi kutoka moyoni hadi liwe jeupe, utapima damu ukaiita oksidishaji. Ongeza BHT, kizuia-oksidishaji, kabla ya kupasha moto, kwa kuwa joto lenyewe hutengeneza MDA. Glutathioni, kinga ya mwili dhidi ya vioksidishaji, kwa kemikali ya DTNB kwenye nanomita 412, ipimwe haraka au tishu igandishwe kwa nitrojeni kimiminika. Na ugawe wanyama mapema: pafu lililooshwa kwa ajili ya kuhesabu seli lisitumike tena kwa MDA.

DQ12, unga mwingine wa kwatzi wa Ujerumani unaopendwa Ulaya, ina kwatzi ya takriban asilimia 87 na ni kali vilevile. Matokeo ya unga mmoja yasilinganishwe na ya mwingine kwa uzito mtupu. Linganisha kwa eneo la uso wa chembe.

Kwa kazi ya kuelewa njia za madhara, Min-U-Sil 5 inunuliwe bila wasiwasi. Kwa kukadiria hatari ya mgodini, inunuliwe pamoja na kinu. Kopo lifunguliwe ndani ya kabati lenye kivuta hewa, mpimaji akiwa amevaa barakoa ya P100 au FFP3, na meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe: IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliiweka kwatzi inayovutwa hewani kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani ya binadamu mwaka 1997, na mapafu ya fundi wa maabara hayana tofauti na ya mchimbaji.