Prado 2.8 ya Dizeli na Trela la Tani Mbili, Nakuru hadi Kisumu: Kuvuta Si Kazi, Kazi ni Kusimama

Gari ni Toyota Land Cruiser Prado 150, injini ya dizeli ya lita 2.8, giaboksi ya otomatiki yenye gia sita. Trela ni la ekseli mbili, lina breki za msukumo (zinazoshika trela linapolisukuma gari), na likiwa tupu lina kilo 550. Barabara ni Nakuru hadi Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho, Nakuru hadi Eldoret kupitia Timboroa, na mara mojamoja Kisumu hadi Kakamega. Mzigo huwa mahindi, saruji, au tangi la maji.

Injini sina neno nayo. Nguvu yake ya kuvuta, nyutoni-mita 450, inapatikana kati ya mizunguko 1600 na 2400 kwa dakika, na huo ndio mwendo wa mtu mwenye mzigo. Prado ya petroli ya lita 2.7 ina 246, tena mpaka uikoroge ifike mizunguko 3900. Mlima ndio unaotoa siri. Nakuru iko mita 1850 hivi juu ya bahari, Timboroa inapita 2700. Injini isiyo na tabo (turbo, inayoisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 za mwinuko, kwa hiyo ile ya petroli ikifika Timboroa imebaki na kama robo tatu tu ya nguvu zake. Dizeli yenye tabo haisikii sana. Pandisha ukiwa gia ya tatu au ya nne kwenye S (mahali pa kuchagua gia mwenyewe), mizunguko 2000 hadi 2500, na usiiachie giaboksi iwe inapanda na kushuka gia kila baada ya mita mia, maana hapo ndipo mafuta yake yanapochemka.

Sasa namba za uzito. Uingereza, Toyota waliliandikia gari hili kilo 3000 kwa trela lenye breki na 750 kwa lisilo na breki. Watu husoma namba ya kwanza, ya pili wakairuka. Piga hesabu: trela tupu kilo 550, gunia la mahindi kilo 90. Bila breki, haki yako ni magunia mawili. Mawili! Na bado matrela ya kuchomelewa yanatoka Njoro na tani nzima, breki hayana hata ya mkono.

Hiyo 3000 nayo siitumii. Kikomo changu katika barabara hizi ni kilo 2000 jumla, yaani trela na magunia 16. Kupanda lingepanda na zaidi. Linaloniwekea mpaka ni kushuka.

Kutoka Timboroa hadi Nakuru unateremka karibu mita 900. Gari lenye kilo 2300 na trela lenye 2000 ni zaidi ya tani nne zinazotaka kwenda zenyewe, na kila dereva wa Bonde la Ufa anajua ajali zilizotokea kati ya Sachangwan na Salgaa kwa malori yaliyowekwa fri (bila gia) ili kuokoa mafuta. Prado si lori, lakini mteremko hauchagui. Tena injini ya dizeli ya gari dogo haina breki ya moshi kama ya lori, hivyo ukiachia mafuta inakuzuia kidogo tu. Ingia gia ya tatu, ikibidi ya pili, kabla mteremko haujaanza, ukiwa kilomita 50 kwa saa. Ukisubiri ufike 80 ndipo utafute gia ya chini, umeshachelewa, kwa sababu giaboksi inaweza kukataa kushuka ili kulinda injini.

Breki za msukumo ni za kimakanika na zina hila yake. Gari likipunguza mwendo, trela linasukuma mdomo wake (sehemu ya mbele inayoshikana na gari), mdomo unabonyea, unavuta waya au kusukuma mafuta, na breki za trela zinashika. Hazijui kama umekanyaga breki au umeshusha gia tu. Zinasikia msukumo. Maana yake ni kwamba katika mteremko mrefu, hata ukitegemea gia pekee, laining (vitambaa vya breki) za trela zinasugua mwanzo hadi mwisho, na dramu zinapata moto kimyakimya huku wewe ukijisifu kwamba hujagusa pedali. Dawa ni kushuka polepole, kukanyaga breki kwa nguvu kwa sekunde chache mpaka mwendo ushuke hadi 40, kisha kuachia na kuvuta kidogo kwa mafuta ili mdomo ufunguke na dramu zipumue. Ukinusa harufu ya laining, tafuta mahali tambarare usimame dakika ishirini. Usimwage maji kwenye dramu. Chuma cha moto hupasuka.

Kurudi nyuma nako kuna mtego. Mdomo unabonyea vilevile, breki zinashika, gari linagoma. Trela langu lina komeo la kuzuia mdomo usibonyee wakati wa rivasi. Ukilisahau limefungwa, unaondoka na trela lisilo na breki hata kidogo na hakuna taa itakayokuonya. Kwa hiyo kila baada ya kurudi nyuma, enda mita chache mbele, kanyaga breki, usikilize kama trela linajizuia au linakusukuma. Kama ningenunua upya ningechukua breki za umeme zenye kisanduku cha kurekebisha karibu na usukani. Hizo unazipima ukiwa kilomita 30 kwa saa: ongeza nguvu mpaka magurudumu ya trela yakaribie kufunga, kisha punguza kidogo. Zinashika unapotaka wewe, wala hazihangaishwi na rivasi.

Mafuta ya breki ya gari lenyewe usiyapuuze. DOT 3 mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140 hivi. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mapovu, pedali inazama hadi sakafuni, na hapo huna la kufanya. Asiyevuta kitu anaweza kubadilisha kila miaka miwili. Mwenye trela abadilishe kila mwaka, DOT 4.

Kupanga mzigo ndiko kunakoamua kama safari itakuwa ya raha au ya kushikilia usukani kwa mikono miwili. Uzito unaokaa kwenye kirungu cha kuvutia (mpira wa chuma nyuma ya gari unaoshikwa na mdomo) uwe kati ya asilimia 7 na 10 ya trela zima. Kwa kilo 2000, ni 140 hadi 200. Ukiwa mdogo, trela linaanza kutikisa mkia. Huhitaji vifaa vya ajabu kuupima: wauza nafaka wana mizani ya jukwaa ya kupimia magunia. Lisimamishe trela likiwa sambamba na ardhi, egemeza mdomo kwenye kipande cha mbao juu ya jukwaa, soma. Kama una mizani ya bafuni tu, weka ubao wa sentimita 90, upande mmoja juu ya bomba, upande mwingine juu ya mizani, mdomo wa trela ukae sentimita 30 kutoka kwenye bomba. Unachokisoma zidisha mara tatu. Kurekebisha ni kuhamisha magunia: kutoka kwenye kirungu hadi katikati ya ekseli zangu ni mita 3, hivyo gunia moja la kilo 90 likisogezwa mita moja mbele linaongeza kilo 30 kwenye kirungu.

Usizidishe pia. Kirungu kiko mita 1.2 hivi nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma Prado ina mita 2.79. Kilo 200 kwenye kirungu zinaibebesha ekseli ya nyuma 286 na kuipunguzia ya mbele 86. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinaelekea juu, na wanaokuja mbele wanakuwashia full. Ndani ya springi za nyuma nimeweka mito ya hewa. Inainua mkia, lakini haiongezi hata kilo moja ya uwezo wa gari. Watu wa nyuma na mizigo ya buti wanahesabiwa pamoja na hizo 200.

Tangi la maji la lita 1000 lijae au liwe tupu. Likiwa nusu, maji yanakimbia mbele na nyuma na uzito wa kirungu hautulii.

Trela likianza kuyumba, usikanyage breki za gari na usijaribu kulikimbia. Achia mafuta, usukani unyooke, subiri. Huanza ukipita 80, basi la masafa likikupita kwa kasi, au upepo wa ubavuni kule Timboroa. Tairi za nyuma za Prado napandisha hadi psi 38. Za trela, 195R14C, psi 65. Tairi laini nyuma zinafanya gari lijongee kama lina ulevi.

Tobaa (chuma kinachobeba kirungu) ifungwe kwa bolti za daraja la 10.9 kwenye matundu yaliyoko tayari nyuma ya chesisi. Fundi akikuambia atachomelea kwenye chesisi, mshukuru uondoke. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya mdomo ili ukichomoka udakwe usichimbe lami.

Umeme: plagi ya pini saba, waya mweupe ni ardhi. Ukikanyaga breki na indiketa zote zikawaka kwa unyonge, usibadilishe balbu, ardhi ndiyo mbovu. Trela liwe na namba yake inayoanza na Z, bima, na viakisi mwanga nyuma. Wakaguzi wa barabarani hawatanii hapo.

Dizeli: bila trela napata kilomita 10 kwa lita barabara kuu, na tani mbili ni 6, na Mau Summit hadi Timboroa hushuka chini ya 5. Mafuta ya giaboksi, aina ya WS, nabadilisha kila kilomita 40,000. Haina stiki ya kupimia. Kiwango hupimwa kwa nati ya kufurika mafuta yakiwa nyuzi 40 hivi, injini ikinguruma. Fundi anayemimina kwa kukisia atakuharibia.

Kilichonishinda kukisifu ni bering za trela. Zile za bei ya chini hazimalizi msimu. Kuzifunga: kaza nati huku unazungusha dramu mpaka iwe nzito, legeza, kaza tena kwa vidole tu, kisha pini. Zikikazwa kwa spana hadi mwisho zinaungua. Zikilegea gurudumu linacheza. Grisi mpya kila kilomita 10,000, au mara tu baada ya trela kuzamishwa majini kule Ahero mvua ikifurika. Njiani, nikisimama Kericho kabla ya kuanza kushuka kwenda Awasi, naweka kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Zote nne zikiwa na joto moja, sawa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, ama bering imekazwa au breki ya gurudumu hilo haiachii, na jeki itoke papo hapo: inua, zungusha kwa mkono, sikiliza. Mkwaruzo wa mchanga ni bering. Kuzunguka kwa uzito bila sauti ni breki.