Tathmini ya huduma ya kuomba kibali cha majengo ya hekalu yaliyokwisha kujengwa, England

Hekalu letu la Wahindu liko katika mji mmoja wa katikati ya England, na wazee wengi wanaosali hapo walitoka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, hata jikoni siku za sikukuu Kiswahili bado kinasikika. Uani kulikuwa na vitu vitatu vilivyojengwa na kamati za zamani bila kibali: jiko la kupikia chakula cha waumini, paa la kukinga mvua mbele ya mlango na banda la kuwekea viatu. Kamati ya sasa iliniomba nisaidie kuandaa maombi kwa halmashauri, na naitathmini huduma hiyo hapa kwa kuwa makanisa, misikiti na mahekalu mengi ya watu wetu yana ujenzi wa namna hiyo.

Kinachostahili sifa kwanza ni sheria yenyewe. Kifungu cha 73A cha sheria ya mipango miji na vijiji ya mwaka 1990 kinaruhusu kuomba kibali cha jengo ambalo tayari limesimama, na kujenga bila kibali peke yake si kosa la jinai, isipokuwa pale jengo linapokuwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa. Ombi hupimwa kwa vigezo vilevile vya jengo jipya, ingawa tangu mwaka 2015 sera ya serikali inaruhusu ujenzi wa makusudi bila kibali nao uwekwe kwenye mizani. Ofisa aliyetushughulikia alifuata utaratibu huo kwa haki, na hakuna aliyezungumza nasi kana kwamba tumekuja kuhukumiwa.

Fomu ya mtandaoni inaeleweka, na ada ni ileile ya jengo ambalo halijajengwa. Kazi kubwa iko kwenye michoro. Ramani ya eneo huwa ya kipimo cha 1:1250, mpaka wa kiwanja ukizungushiwa mstari mwekundu, na mchoro wa jengo lazima uonyeshe kilichopo wala si kile ambacho fundi alikusudia zamani. Ofisa alipokuja alipima paa kwa kifaa cha leza kutoka sakafuni hadi kwenye mfereji wa maji ya mvua, akalinganisha na karatasi aliyoshika. Vipimo vilikubaliana kwa sababu mchoraji wetu alikuwa amepima upya nguzo moja baada ya nyingine, na fedha tuliyomlipa ndiyo iliyotumika vizuri kuliko zote.

Udhaifu wa huduma uko kwenye mawasiliano. Sheria inatoa wiki 8 kwa ombi dogo kama letu, na ndani yake majirani na umma hupewa siku 21 za kutoa maoni. Baada ya siku hizo kupita halmashauri ilikaa kimya kirefu, kisha tukaombwa kukubali muda uongezwe bila maelezo ya kutosha, jambo linaloumiza kamati ya watu wanaojitolea. Majirani walikuwa na hoja za kweli: harufu ya vikaango, mlio wa feni ya kutolea moshi, na magari wakati wa sikukuu za Navaratri na Diwali. Suala la magari si la kudharauliwa. Mgogoro wa Bhaktivedanta Manor, hekalu la Wahindu huko Hertfordshire, ulimalizika mwaka 1996 serikali ilipoidhinisha barabara mpya ya kuingilia.

Kibali kilitoka kikiwa na masharti. Kwa kuwa jengo lipo tayari, sharti haliwezi kusema "kabla ya ujenzi kuanza", hivyo huwekewa tarehe: mpango wa kupunguza kelele za feni uwasilishwe ndani ya miezi 3, la sivyo jiko lisitumike. Sharti la aina hii husahaulika kwa urahisi kamati inapobadilika, kwa hiyo lipewe mtu mmoja wa kulifuatilia.

Naipendekeza huduma hii, ila kwa anayewahi. Halmashauri ikishatoa notisi ya kubomoa au kurekebisha, ina uwezo wa kukataa hata kulipokea ombi, na rufaa lazima ifike kabla ya notisi kuanza kutumika, yaani kwa kawaida siku 28 au zaidi baada ya kuipokea. Kungoja miaka ipite nako kumekuwa kugumu, maana kwa ujenzi uliokamilika kuanzia tarehe 25 Aprili 2024 muda wa halmashauri kuchukua hatua ni miaka 10, badala ya 4 ya awali.

Kibali hiki pia hakigusi usalama wa jengo. Nyaya, moto na misingi hukaguliwa na kitengo kingine cha halmashauri, ambacho hutoa cheti cha kurasimisha kazi zilizofanyika tangu tarehe 11 Novemba 1985, na hukagua kwa kufungua ukuta au dari inapobidi. Ada yake ni ya peke yake, na hakuna aliyetutajia tulipokuwa tunajaza fomu ya kwanza.