Ziwa Ree kwa Mashua: Mandhari Yanajieleza, Masimulizi Yanapwaya

Mashua ya watalii niliyopanda mjini Athlone, katikati ya Ayalandi, iliondoka gatini karibu na ngome ya mawe ya karne ya 13, ikapita chini ya daraja la reli, na baada ya muda mfupi ikaingia Ziwa Ree, mahali ambapo Mto Shannon unatanuka hadi kufikia takriban kilomita za mraba 100. Tangazo la wenye mashua liliahidi kuwapeleka wageni kwenye ngome za wakuu wa Waviking, wale mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia. Anayekusudia kukata tiketi kwa sababu hiyo ajue mapema kwamba hataonyeshwa hata ukuta mmoja. Atakachoona ni maji, matete, visiwa vyenye miti mingi na ng'ombe wanaokunywa ukingoni. Hata hivyo sikujutia nauli yangu.

Sababu ni kwamba nahodha alifanya jambo la busara sana: tulipofika mahali palipo wazi alizima injini, akatuacha dakika kadhaa tutazame pande zote. Ukiwa pale ndipo unapoelewa kwa nini watu wa meli walilitaka ziwa hili lililo mbali na bahari. Upande wa magharibi ni jimbo la Connacht, upande wa mashariki ilikuwa nchi ya Mide, na mto unaotoka ziwani kuelekea kusini unapita kando kabisa ya Clonmacnoise, monasteri iliyokuwa miongoni mwa zile tajiri kuliko zote nchini. Kwa meli zenye kina kifupi, zinazoweza kusogezwa hadi kwenye matope ya ufukwe, mkuu mwenye kambi hapa hakuhitaji barabara. Kumbukumbu za watawa za Ulster zinasema kwamba mwaka 845 wageni wakiongozwa na Turgesius, mkuu wa Waviking, waliweka kambi katika Ziwa Ree, wakaipora Connacht na Mide, kisha wakachoma Clonmacnoise, Clonfert, Terryglass na Lorrha. Ukiifuata ramani kwa kidole utaona kwamba monasteri hizo nne ziko kwenye mto huohuo au karibu na maji yake.

Masimulizi ya mwongozaji, yaliyotoka katika kipaza sauti kilichokuwa kikikwaruza, ndiyo yaliyonikera. Alitueleza kwa kirefu jinsi Turgesius alivyomtamani binti wa mfalme wa Mide, na jinsi mfalme huyo alivyokubali kumpeleka binti kisiwani pamoja na wasichana 15, ambao kumbe walikuwa vijana wasio na ndevu, wamevaa nguo za kike na kuficha visu. Abiria walicheka na kupiga makofi. Ni hadithi tamu, lakini iliandikwa na kasisi Gerald wa Wales zaidi ya miaka 300 baada ya tukio, na mwongozaji aliisimulia kana kwamba imetoka kwa shahidi. Watawa walioandika karibu na wakati wenyewe wanasema kwa ufupi tu kwamba Turgesius alikamatwa na Máel Sechnaill, mfalme wa Mide, kisha akazamishwa katika Ziwa Owel, ziwa jingine la huko Mide. Habari hiyo nayo ni ya mwaka 845. Yaani mtu aliyeitia hofu nchi nzima kwa maji aliuawa kwa maji katika mwaka uleule ambao kambi yake inatajwa, na mimi naona hilo linatisha kuliko visu vyote vilivyofichwa chini ya magauni.

Kwa kumng'ang'ania Turgesius peke yake, mwongozaji aliwasahau wengine ambao ziwa hili ni lao kwa haki ileile. Mwaka 922 Tomrair, mkuu wa Waviking kutoka mji wa Limerick, alipanda mto na meli zake, akaipora Clonmacnoise pamoja na visiwa vyote vya Ziwa Ree. Mwaka 937 Waviking walipigana wenyewe kwa wenyewe: Olaf wa Dublin alimvamia Olaf wa Limerick hapohapo ziwani, akazivunja meli zake na kumchukua mateka hadi Dublin. Huyu wa Limerick alikuwa na lakabu ya Kiayalandi Cenncairech, maana yake mwenye kichwa chenye upele. Mwongozaji anayetafuta kicheko anaachaje jambo kama hilo?

Penye sifa nisifu. Tulipokaribia Kisiwa cha Hare, mwongozaji alieleza vizuri, bila madoido, habari ya bangili 10 za dhahabu zilizopatikana kisiwani humo mwaka 1802, zenye uzito wa kilo 5 hivi, ambazo ziliuzwa na kuyeyushwa. Kwa mara ya kwanza watu wote mashuani walinyamaza.

Kuhusu mambo ya kawaida: jaketi za kujiokolea zilikuwa safi, mabenchi ni ya mbao ngumu, na upepo wa ziwani ni mkali hata mwezi wa Julai, kwa hiyo koti zito si anasa. Keti mbele, mbali na kipaza sauti. Mwenye hamu ya kugusa historia kwa karibu zaidi aongeze siku moja Dublin, kwani katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, ambako hakuna kiingilio, umehifadhiwa upanga wa Kiviking uliofukuliwa mwaka 1928 katika kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono huko Ballinderry, katika wilaya ya Westmeath, na jina la fundi wa mpini wake bado linasomeka.

Siku iliyofuata nilipanda treni ya kwenda Sligo, ambayo hupita ukingoni mwa Ziwa Owel. Sikuona kibao chochote chenye jina la Turgesius, ila mashua moja ndogo na wavuvi wawili waliotupa kisogo.