Kuni za kuota moto nyanda za juu: zipi za kwanza, zipi za mwisho, na ununue lini

Njombe, Makete na Mufindi baridi hushika Juni hadi Agosti, na Juni ikiingia watu hukimbilia kuni wote kwa pamoja. Hapo ndipo wanapouziwa maji. Mvua huisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo mti uliokatwa Mei haujapata hata miezi miwili ya jua. Kuni za Juni zinatakiwa kununuliwa kati ya Julai na Septemba ya mwaka uliotangulia, zichanjwe mara moja, zipigwe na upepo wa kiangazi mpaka Oktoba, kisha zikae chini ya paa msimu wote wa mvua. Limuru na Kinangop, kule Kenya, hali ni ngumu zaidi, maana mvua za Machi hadi Mei zinapokezana na baridi bila nafasi katikati. Huko jua la kutegemea ni la Januari na Februari, basi kuni zinunuliwe Desemba.

Sababu ni hesabu tu. Chukua tani moja ya magogo mabichi ambayo nusu ya uzito wake ni maji. Yakikauka hadi unyevu wa asilimia 20, ambao ndio wa kulenga, zinabaki kilo 625. Kilo 375 ulizolipia zimepaa hewani. Usipozikausha, maji hayo yatachemkia ndani ya jiko lako: kilo moja ya kuni kavu hutoa takriban kilowati-saa 4 za joto, mbichi hutoa karibu nusu ya hapo, na moshi wake wa baridi huganda ndani ya dohani kuwa masizi mazito yanayonata. Masizi hayo ndiyo huwaka siku moja na kuunguza paa.

Nafasi ya kwanza: muwati

Kwa kuota moto, muwati hauna mpinzani kwa bei yake. Ni mzito, huwaka taratibu, huacha makaa yanayodumu, na nyuzi zake zimenyooka kiasi kwamba gogo la unene wa sentimita 20 hupasuka kwa pigo moja au mawili. Njombe unapatikana kwa urahisi kwa sababu kampuni ya TANWAT iliupanda kuanzia 1949 kwa ajili ya magome ya kutengenezea dawa ya kusindikia ngozi za wanyama, nao umesambaa hadi mashamba ya wananchi. Ukipata magogo yaliyokwisha kubanduliwa gome, yachukue kwanza: gome huzuia maji kutoka, na chini yake ndipo wadudu wanaotoboa mbao huanzia. Muwati uliochanjwa Julai huwa tayari kabla ya mvua za Novemba.

Ya pili: mlingoti, kwa sharti moja

Mlingoti, au mkaratusi, una joto sawa na muwati au hata zaidi, na kwa kawaida ni rahisi kuupata. Sharti lake ni kuuchanja ukiwa mbichi, ndani ya wiki moja au mbili baada ya kukatwa. Nyuzi zake hujisokota, na ukishakauka ukiwa gogo zima shoka linadunda. Usilenge katikati. Anza pembeni, bandua vipande kuzunguka gogo mpaka ubaki na kiini, kisha ukipasue hicho mwisho. Upe miezi minne hadi sita ya kiangazi, na vipande vinene uvipe mwaka. Anayekuuzia magogo ya mlingoti ya mwaka jana ambayo hayajachanjwa anakuuzia kazi, sio kuni. Mpunguzie bei au uache.

Ya tatu: mgrivelea

Matawi yanayopunguzwa kwenye mashamba ya chai na kahawa. Ni mepesi kuliko hiyo miwili, hukauka haraka, huchanjika bila shida. Yanafaa jioni fupi, au kuchanganya na muwati.

Ya nne: mabanzi ya msindano (paina) na mtarakwa

Mabanzi ya viwanda vya mbao vya Mafinga na Sao Hill ni rahisi kuliko yote na huwaka upesi. Hapo ndipo thamani yake ilipo: kuwashia. Kulala nayo usiku hutaweza, yanaisha kabla chumba hakijapata joto. Mtarakwa hurusha cheche, kwa hiyo usiuache peke yake kwenye meko isiyo na mlango. Utomvu wa msindano si tatizo ukiwa mkavu. Ukiwa mbichi, jiandae kusafisha dohani kila mwezi. Nunua robo ya mzigo wako, isizidi.

Kipimo, kabla ya kukubaliana bei

Usinunue kwa uzito kama kuni ni mbichi, wala kwa "tripu" bila kupima. Kipimo cha haki ni mita moja ya ujazo iliyopangwa: urefu, upana na kimo mita moja moja. Zikitupwa ovyo kwenye gari, nafasi nyingi ni hewa, hivyo panga kwanza, pima kwa tepu, ndipo ulipe.

Jiko la chuma lenye mlango, likiwashwa saa nne kila jioni, hula takriban kilo 2 kwa saa. Siku 90 za baridi ni kilo 720. Mita moja ya ujazo ya muwati mkavu uliopangwa ina karibu kilo 450, kwa hiyo mita mbili zinatosha na akiba inabaki. Kwa meko ya ukutani iliyo wazi zidisha mara mbili, na bado sehemu kubwa ya joto itapanda na moshi.

Mita hiyo hiyo ikiwa mbichi inakaribia kilo 700. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imetengenezwa kubeba kilo 350. Dereva anayekuambia atabeba mita nzima kwa safari moja atakatikiwa springi mlimani, au atakuletea nusu. Na mwulize hati ya kusafirishia mazao ya misitu kabla hajapakia. Asipokuwa nayo, kuni zako zinaweza kuishia kwenye geti la maliasili.

Kuchanja na kupanga

Kata vipande vya sentimita 30 hadi 35, vifupi kuliko jiko lako kwa sentimita 5. Maji hutoka kwa wingi kupitia ncha zilizokatwa, ndiyo maana kipande kifupi hukauka mapema. Unene uwe sentimita 8 hadi 12. Shoka liwe lenye mashavu manene, kilo 2.5 hadi 3.5, shoka jembamba la kukatia miti huingia na kunasa. Likinasa, tumia kabari ya chuma na nyundo. Usipige kisogo cha shoka kwa nyundo, tundu la mpini hupanuka na kichwa huruka.

Panga kwenye kichanja kilichoinuka sentimita 15 kutoka ardhini, juu ya mawe au matofali, mchwa wasipate njia. Safu iwe moja, ikitazama upepo, na ukutani uache nafasi ya mkono kupita. Funika juu tu kwa bati. Turubai lililoteremshwa hadi chini hufungia mvuke, na baada ya mwezi utakuta ukungu mweupe kwenye ncha.

Kuni kavu zina nyufa zinazotoka kwenye kiini kuelekea gome, na ukizigonganisha zinalia kwa sauti kali, mbichi hutoa kishindo kizito. Kama una kipima unyevu, pasua kipande kwanza upime uso wa ndani, maana nje hudanganya. Usipokuwa nacho, weka alama vipande vitatu na uvipime kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili. Uzito ukiacha kushuka, hapo ziko tayari.

Za kukataa kabisa

Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa huuzwa kama kuni mahali penye viwanda vya nguzo. Mara nyingi vina rangi ya kijani iliyoingia ndani ya mbao, sio juu tu. Dawa hiyo ina shaba, kromi na aseniki. Ukivichoma, aseniki hupanda na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, yale yale yanayomwagwa bustanini chini ya mboga. Kata ncha uangalie. Ukiona kijani, hata akikupa bure, mrudishie.